CHETI CHA NDOA SI KARATASI TUPU



Leo tuzungumze juu ya ndoa na sheria. Tuanze na mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini kila anayeishi kando ya Ziwa Viktoria ataufahamu.

Mume ni mvuvi wa dagaa. Mke analima muhogo na viazi vitamu, na kila asubuhi anaanika dagaa mwaloni. Tuwaite Baba na Mama. Wamekaa pamoja miaka tisa. Wana watoto watatu. Kijiji kizima kinawajua kuwa ni mume na mke. Lakini hawakwenda kanisani, wala msikitini, wala bomani. Mahari nayo haikwisha. Baba alipeleka ng'ombe wawili ukweni, akasema wengine watafuata. Hawakufuata.

Usiku mmoja upepo mkali ukapindua mtumbwi. Baba hakurudi. Baada ya matanga, ndugu zake wakafika. Wakataka mtumbwi wa pili, nyavu, na nyumba ya bati.

Mama akasema, "Shemeji, vitu hivi tumevitafuta pamoja na kaka yako. Mimi ni mke wake."

Shemeji akajibu, "Mke kwa ndoa ipi? Cheti kiko wapi?"

Mama alikuwa amehitimu kisomo. Alijua kusoma na kuandika. Kama angekuwa na cheti angekitoa, akakisoma mbele ya wote. Lakini hakuwa nacho.

Je, Mama hana haki yoyote? Anayo. Lakini haki yake imekuwa na njia ndefu. Katika makala hii tutaona sheria inasema nini juu ya mume na mke, na kwa nini cheti kinafupisha njia hiyo.

SHERIA MOJA KWA WOTE

Zamani kila watu walikuwa na taratibu zao za ndoa. Wakristo walikuwa na zao, Waislamu zao, na kila kabila mila zake. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka huo. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Haikufuta dini wala mila. Ilikusanya ndoa zote chini ya mwavuli mmoja.

Sheria hiyo inasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Shika neno hilo: hiari. Mtu aliyelazimishwa hakuoa wala hakuolewa kwa hiari. Baba hawezi kukubali kwa niaba ya binti yake ambaye mwenyewe amekataa.

Ndoa inaweza kufungwa kwa njia nne: ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu, na ya kimila. Mbele ya sheria zote ni ndoa halali, zina nguvu sawa. Aliyefunga ndoa kanisani hana ndoa kubwa kuliko aliyefunga kwa mila.

Katika nchi nyingine, kama Ufaransa na Uingereza, ipo pia namna ya kuwaandikisha watu wanaoishi pamoja bila jambo hilo kuitwa ndoa. Kwetu namna hiyo haipo. Kwetu anayetaka muungano wa kiserikali bila ibada ya dini anafunga ndoa bomani.

NDOA YA BOMANI INAFUNGWAJE?

Wengi wanaogopa boma. Wanadhani ni mahali pa kesi tu. Sivyo. Mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, mnakwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama mnakaa Ukerewe, mnakwenda Nansio. Kama mnakaa Magu, mnakwenda Magu mjini. Mnatoa taarifa kwamba mnataka kuoana. Taarifa hiyo itolewe siku 21 au zaidi kabla ya siku ya ndoa.

Pili, mnataja majina yenu, umri wenu, mnakoishi, na majina ya wazazi wenu. Kila mmoja anasema kama hajapata kuoa au kuolewa, au ni mjane, au aliachana kwa talaka. Mume mwenye mke mwingine anataja jina la mke huyo. Usidanganye hapa.

Tatu, taarifa yenu inatangazwa. Siku 21 zimewekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Labda bwana huyu ana mke wa ndoa kule Geita. Labda binti huyu bado ni mwanafunzi. Mwenye habari aseme mapema.

Nne, siku ikifika mnafunga ndoa mbele ya msajili na mashahidi wasiopungua wawili. Mnatia sahihi. Mnapewa cheti.

Hapo ndipo kisomo chako kina kazi. Usitie sahihi kabla hujasoma. Soma jina lako herufi kwa herufi. Soma jina la mwenzako. Soma tarehe. Soma pia aina ya ndoa: je, imeandikwa ya mke mmoja au ya wake wengi? Jambo hili ni kubwa, tutalirudia. Kama kuna kosa, sema papo hapo. Kosa la herufi moja leo linaweza kukusumbua sana mbele ya safari.

Na waliofunga ndoa kanisani au msikitini? Padri, mchungaji au shehe mwenye leseni ya serikali ya kufungisha ndoa huandikisha ndoa hiyo, nanyi mnapata cheti. Kiombeni. Msikiache ofisini.

Na waliooana kwa mila? Hawa ndio wengi vijijini kwetu. Ng'ombe wamehesabiwa, ngoma imechezwa, bibi arusi amepelekwa. Sheria inawataka waliooana kwa mila mahali pasipo na msajili waiandikishe ndoa yao ndani ya siku 30. Wengi hawafanyi hivyo. Ndoa yao haiwi batili kwa sababu hiyo. Lakini siku ya ubishi watahangaika kutafuta ushahidi.

Mtu atauliza: "Na mahari ambayo haikwisha?" Sheria inajibu wazi. Ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama mila ya mahari haikutimizwa. Ng'ombe ni heshima kati ya koo mbili. Ng'ombe si cheti.

UMRI WA KUOA NA KUOLEWA

Sheria ya mwaka 1971 iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Msichana wa chini ya miaka 18 aliweza kuolewa kwa idhini ya mzazi. Jambo hili lilipelekwa mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo: umri uwe miaka 18 kwa wote wawili.

Tena, mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Mzazi mwenzangu, ng'ombe hawawezi kulipa miaka hiyo.

WALIOKAA PAMOJA BILA NDOA

Sasa turudi kwa Baba na Mama. Hawakufunga ndoa yoyote. Je, sheria inawaonaje?

Sheria ya Ndoa ina kifungu cha 160. Kinasema hivi kwa maneno mepesi: mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, sheria itawachukulia kuwa ni mume na mke.

Wengi wamesikia habari hii wakafurahi. "Kumbe miaka miwili inatosha! Cheti cha nini?" Hapana, ndugu. Soma vizuri. Sheria inawachukulia hivyo mpaka mtu mwingine aonyeshe kwamba sivyo. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa. Akitokea mwanamke mwenye cheti cha ndoa ya mke mmoja aliyoifunga na bwana huyo, dhana ya Mama imevunjika. Wakitokea mashahidi wakasema, "Huyu alikuwa mpangaji tu," Mama itambidi awajibu kwa mashahidi wake.

Katika kambi za uvuvi jambo hili linatokea. Mvuvi anahama na dagaa: leo Ukara, kesho Kome, keshokutwa upande wa Musoma. Kila kambi ana nyumba. Mama wa kambi moja hajui habari za mama wa kambi nyingine. Siku ya msiba wote wanakutana.

Hata dhana ikivunjika, sheria haiwatupi Mama na watoto. Mwanamke aliyekaa na mwanamume kwa namna hiyo anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Lakini angalia tofauti. Mwenye cheti anatoa cheti. Asiye na cheti anatafuta jirani, balozi na mwenyekiti wa kitongoji waje kusema kwamba waliishi kama mume na mke. Nauli zao ni juu yake. Na wengine watakuwa wamehama au wamekufa.

HAKI NA WAJIBU WA MUME NA MKE

Ndoa inaleta haki na wajibu kwa wote wawili.

1. Matunzo. Mume ana wajibu wa kumpa mke chakula, mavazi na mahali pa kulala, kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini sheria haikumsahau mume. Akiumia au akiugua hata asiweze kufanya kazi, mke mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza.

2. Kupigana. Sheria inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa, hata kama mila inasema vingine. Mume hana haki ya kumpiga mke. Mke hana haki ya kumpiga mume. Mtu asiseme, "Nilimtolea ng'ombe."

3. Mali ya kila mmoja. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo, kuiuza, kufanya mapatano, na kushtaki au kushtakiwa. Ndoa haimnyang'anyi mtu mali yake. Kama mke aliingia na mbuzi wanne, ni mbuzi wake. Mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, mpaka ionyeshwe vinginevyo. Iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili, mafungu yao huchukuliwa kuwa sawa. Basi mnaponunua kiwanja, andikeni majina mawili.

4. Nyumba mnayoishi. Mume au mke hana ruhusa ya kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama nyumba ina jina la mmoja. Ukiletewa karatasi ya mkopo uitie sahihi, isome kwanza. Labda umeambiwa uwekee nyumba yako kidole.

5. Wake wengi. Ndoa ikiwa ya mke mmoja, mume hawezi kuoa mwingine wakati ndoa hiyo ipo. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Ndoa nyingine huchukuliwa kuwa ya mke mmoja, isipoonyeshwa vinginevyo. Ndiyo maana tulisema soma cheti. Katika ndoa ya wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza mke, kama uwezo wa mume ni mdogo na yeye na watoto watapata taabu. Na wake wote wana haki sawa. Mbele ya sheria hakuna mke mkubwa na mke mdogo.

6. Mjane. Mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mtu mwingine amtakaye. Hakuna wa kumlazimisha kurithiwa na shemeji yake.

MKIGOMBANA

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mkigombana, msikimbilie talaka. Sheria inataka shauri lipelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza litawasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, litatoa hati ya kusema limeshindwa. Kwa kawaida bila hati hiyo mahakama haipokei maombi ya talaka. Na mume kumwambia mke "rudi kwenu" hakufuti wajibu wake.

Mahakama ikivunja ndoa, inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili. Inaangalia mchango wa kila mmoja, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Inaangalia madeni na mahitaji ya watoto.

Hapo wanaume wengi walikuwa wakiuliza, "Yeye amechangia nini? Alikuwa jikoni tu." Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama iliamua kwamba kazi za nyumbani, kupika na kulea watoto, nazo ni mchango katika kupata mali ya familia. Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa fungu, kwa sababu Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kabla ya hapo zilitosha. Lakini kanuni aliyoiacha inawasaidia wanawake wengi mpaka leo. Yule anayeanika dagaa na kuwapikia wavuvi, naye yumo ndani ya mtumbwi.

KIFO KIKITOKEA

Hapa tuseme ukweli. Cheti kinaonyesha kwamba wewe ni mke au mume. Lakini urithi unafuata sheria nyingine, kufuatana na dini au mila za marehemu. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hapewi fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, jirani zetu, walizipinga kanuni hizo mahakamani hapa nchini bila kufaulu. Wakaenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo ilisema kanuni hizo zinawabagua wanawake, ikaitaka Tanzania izibadili.

Basi usingoje. Andika wosia. Tena hapa mwenye kisomo amepewa heshima. Kwa kanuni hizo za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unatakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Wosia wa asiyejua kusoma unatakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wanne. Mke au wake waliopo nao washuhudie. Andika kwa wino, weka tarehe, tia sahihi.

Kuandika wosia hakumwiti mtu kifo. Mvuvi anayeziba tundu la mtumbwi hajaliita ziwa limmeze.

TUFANYE NINI?

Kama hamjaoana, semeni ukweli kati yenu, kisha fungeni ndoa kwa njia mnayoitaka. Kama mlioana kwa mila na hamkuandikisha, nendeni wote wawili ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize namna ya kuandikisha. Kama cheti kimepotea, ulizeni pale pale, au ofisi ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mkiwa na cheti, kiwekeni mahali pakavu, na nakala yake muweke kwa mtu mnayemwamini. Nyumba ya nyasi inaungua, na mchwa hajui kusoma.

Na Mama wa mfano wetu? Aende mahakama ya mwanzo pamoja na majirani zake. Aeleze miaka yake tisa, watoto wake watatu, na kazi aliyofanya. Asiondoke kwenye nyumba kwa sababu tu shemeji amesema kwa sauti kubwa. Lakini itamgharimu siku nyingi na fedha nyingi. Siku 21 za bomani zingekuwa fupi zaidi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja njia nne za kufunga ndoa. Ipi ina nguvu zaidi mbele ya sheria?
2. Kwa nini kukaa pamoja miaka miwili si sawa na kuwa na cheti?
3. Mume anataka kuweka nyumba rehani ili anunue injini ya mtumbwi. Mke afanye nini? Mume naye afanye nini?
4. Kazi ya kuanika dagaa na kulea watoto inahesabiwaje mali inapogawanywa?
5. Soma cheti chako cha ndoa nyumbani. Ni ndoa ya aina gani?

MANENO MAGUMU

Batili: isiyo na nguvu ya sheria.
Dhana: jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka ionyeshwe sivyo.
Pingamizi: sababu inayotolewa ili kuzuia jambo.
Rehani: mali inayowekwa kama dhamana ya mkopo.
Ridhaa: kukubali kwa moyo wako mwenyewe.
Wosia: maneno ya mtu juu ya mali yake baada ya kufa.